Nilisema Ni Karuho

Mimi nina mdomo. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akaniona mwanamke mpole, mke wa mgonjwa, wa kuonewa huruma. Siku bwana wangu alipopatwa na ugonjwa, nilisimama mbele ya avenyi nzima, majirani wote wa mtaa wetu hapa Mabanga, nikamwita jirani yangu muuaji. Alikuwa rafiki yangu wa miaka kumi na minane, na sikuwa na mwingine. Leo bwana wangu yuko hai, jirani yuko hai, na mimi niko hai. Kati yetu kuna ukuta wa mbao juu ya mawe meusi, na nyumbani kwangu hakuna mtu wa kuongea naye. Ninachotaka ni huyo mwanamke arudi kukaa jikoni kwangu. Mengine nimeshayakubali.

Sisi ni Waislamu, babu zetu walitoka Maniema na biashara zao. Yeye ni Mkristo, mzaliwa wa milima ya Masisi, anaongea Kinyarwanda akikasirika na Kiswahili akicheka. Kaka yake alikuwa anamtumia maziwa, naye anayauza mlangoni kwake kwa glasi, mabichi na ya kuganda. Mbabula zetu, majiko ya makala, tuliziweka kwenye kona moja ya kiwanja, mgongo wa moja ukielekea wa nyingine, ili upepo usitusumbue. Tulipika hivyo kila siku. Mwanangu wa kiume alipohamia Kisangani na binti yangu Kampala, yeye ndiye aliyelia, mimi nikawa ninamtukana aache kunitia mkosi. Akiona ninavyopika alikuwa anashika kichwa. "Dada, wewe unapika chumvi, mboga unaitia kidogo tu!" Nilimjibu aende akale majani na ng'ombe wa kaka yake.

Bwana wangu alikuwa dereva wa lori. Miaka na miaka alipiga njia ya Rutshuru, viazi na maharage na makala, anajua kila shimo kutoka Kibati mpaka Rumangabo. Barabara zilipokuwa za wasiwasi lori likasimama, naye akakaa nyumbani, na mwanaume aliyezoea usukani akikaa nyumbani anakula. Makayabo, yule samaki wa chumvi, nilikuwa siloweki sana maana alipenda ladha yake. Mawese nilimimina mpaka mchuzi unang'aa. Sigara alianza nazo njiani na hakuziacha. Akimaliza sahani akasukuma mbele aongezwe, mimi moyo wangu unajaa. Mwanamke wa kwetu anataka sifa gani tena?

Dalili zilikuwepo, na tulizicheka. Mwaka mmoja kabla, akiwa Kibati, mkono wake wa kuume ulikufa juu ya usukani. Akaegesha lori, akakaa kuungoja, na baada ya dakika chache ukarudi. Alifika nyumbani akanisimulia kama kichekesho. "Mukono ulienda kutembea kidogo, umerudi." Nikacheka mpaka machozi. Akipanda ile njia ya mawe kutoka msikitini alisimama katikati, akajisugua kifua, akasema ni gesi. Nikamchemshia tangawizi.

Na kuna jambo la vidonge. Kwenye kituo cha afya walimpima wakamkuta na tansio ya juu, presha ya damu, wakampa vidonge vya kunywa kila siku, bila kuacha. Alikunywa miezi mitatu. Kichwa kikaacha kumuuma. Mimi ndiye niliyemwambia, kwa mdomo huu huu: "Umepona, muzee. Kunywa dawa bila ugonjwa ni kujitafutia ugonjwa." Nikaviweka juu ya kabati, nyuma ya sufuria za sikukuu. Hilo sikumwambia mtu kwa muda mrefu sana.

Asubuhi ile jirani alikuja kumwomba amgongomelee bati lililoinuliwa na upepo. Akaenda, akapanda, akagonga misumari, akashuka. Jirani akampa kikombe cha maziwa ya kuganda, kama kila mara. Akarudi kwetu, akaketi kwenye kiti chake, akaomba maji. Nilimpa glasi nikageuka. Nikasikia inavunjika.

Nilipomtazama, mdomo wake ulikuwa umekwenda upande. Mkono wa kuume unaning'inia. Alijaribu kusema, yakatoka maneno ya mtu mwenye bugali kinywani. Mtu wa mji mwingine labda angemwuliza anaumwa wapi. Sisi hapa tuna swali letu la kwanza, na nilimshika mabega nikaliuliza.

"Umekula wapi?"

Macho yake yakaenda kushoto, yakabaki huko. Kushoto kwetu ni ukuta wa jirani.

Karuho ndiyo sumu ya kwetu. Hakuna aliyewahi kuiona, lakini kila mtu anamjua aliyeuawa nayo. Wanasema inafichwa chini ya ukucha wa kidole gumba, inadondoshwa kwenye kinywaji, na mtu anakauka polepole ao anaanguka siku ile ile. Nimeisikia tangu utotoni, kwenye misiba, sokoni, kwenye foleni ya maji. Kwa hiyo sikuhitaji kufikiri. Jirani alikuwa ameshasikia glasi na kelele zangu, akaingia mbio na kitambaa chenye maji, akipiga ukunga, "Yebabawee, muzee ana nini?" Nikamsukuma kifuani. Nikamfuata mpaka nje, na watu wakiwa wanasimama mmoja mmoja, nikasema kwa sauti yote niliyopewa na Mungu:

"Umemuua bwana yangu na maziwa yenu!"

Maziwa yenu, nilisema. Katika mji huu, na vita vyote tulivyopitia, kila aliyesimama pale alielewa ninawataja watu wa Kinyarwanda wote, na kwamba sizungumzii mwanamke mmoja tu. Niliona uso wake ukibadilika. Alikunja kile kitambaa mara mbili, akaingia kwake.

Mimi nikaita moto, pikipiki ya abiria. Tulimkalisha bwana wangu katikati, kijana wa moto mbele, mimi nyuma nimemkumbatia, miguu yake inaburuta. Kijana akauliza, "Lopitali, mama?" Nikamwambia apande Kibati. Huko kulikuwa na mganga anayetapisha karuho, na sifa zake zilikuwa zimefika kila kartie.

Uani kwake watu walipanga mstari, kila mmoja na beseni lake. Tulingoja zamu. Bwana wangu alikuwa amelala juu ya kitenge changu, nusu ya uso imelegea, na mimi ninafukuza nzi na kumlaani jirani. Zamu ikafika, wakamnywesha maji ya majani, machungu, mengi. Akatapika. Mengine yakampita njia ya hewa, akakohoa mpaka akawa wa bluu. Mganga akachutama juu ya beseni, akachokoa kwa kijiti, akainua vipande vyeupe. "Karuho hii hapa." Nikaona kwa macho yangu. Yalikuwa maziwa ya kuganda, tumbo lilikuwa halijayamaliza, lakini mimi niliona sumu. Nikamshukuru. Akasema atanyweshwa mara ya pili jua likipinda, nami nikakaa kungoja.

Binti yangu wa Kampala ni muuguzi. Alipiga simu mchana, kwa bahati tu, kutusalimia. Nilipomweleza hakunipa nafasi ya kumaliza. "Mama, mudomo umekwenda upande? Mukono umekufa? Mama! Haiko karuho, iko mushipa wa kichwa! Toka hapo, peleka papa lopitali sasa hivi, sasa hivi!" Mtoto wangu hajawahi kunipigia kelele. Nilimpakia bwana wangu kwenye moto nyingine.

Hospitalini alitupokea munganga, yaani daktari, wa kike, kijana, mwenye macho ya kukosa usingizi. Aliuliza, "Ilianza saa ngapi?" Nikasema saa tatu asubuhi. Akatazama saa ukutani. Ilikuwa saa kumi. "Na mulikuwa wapi, mama?" Nikamjibu Kibati. Hakuuliza tena. Kila munganga wa mji huu anajua watu wanakwenda Kibati kufanya nini.

Wakampiga picha ya kichwa, wakampima moyo, wakamwekea serumu, maji ya mshipani, wakahangaika na mapafu kwa sababu ya yale maji ya majani. Kesho yake nilimshika munganga koti kwenye korido. Nilitaka aniambie jina la sumu. Bado nilikuwa ninataka jina la sumu, jamani.

Alinikalisha kwenye benchi, akachukua bahasha ya picha, akaanza kuchora nyuma yake. Akasema mshipa wa damu ni kama bomba la maji. Nikamkatiza: kwetu hakuna bomba, tunateka kwa madumu, bido zetu. Akacheka kidogo, akafikiri. "Umeshaona jipu, mama?" Jipu ninalijua.

Basi akanieleza. Tansio ikiwa juu miaka mingi, damu inapiga ukuta wa mshipa kwa nguvu kila pigo, na sigara inauchubua, mpaka ngozi laini ya ndani inalegea. Mafuta yaliyomo kwenye damu yanapenya yanaingia ndani ya ukuta wenyewe. Mwili unatuma askari wake kuyala, askari wanashiba wanafia pale pale, na uvimbe unakua, umefunikwa na kigozi. Njia inakuwa nyembamba. Mtu hajui lolote. Anakula, anacheka, anapanda bati. Halafu siku moja kigozi kinapasuka. Damu ikipita hapo inaona kidonda, na kazi ya damu kwenye kidonda ni moja tu, kuganda ili izibe. Inaziba kweli. Dakika chache, njia imefungwa, na sehemu ya ubongo iliyokuwa inalishwa na mshipa huo inaanza kufa.

"Damu ilifikiri inasaidia," nikasema.

"Ndiyo, mama."

Akasema moyoni ni hivyo hivyo. Kile kifua kilichombana akipanda mlima hakikuwa gesi. Mishipa inayoulisha moyo nayo imebanana, na kipande kikiganda huko moyo wenyewe unakufa sehemu. Ule mkono uliokwenda kutembea ulikuwa donge dogo lililoziba kidogo likayeyuka lenyewe. Na macho? Nikamwuliza kuhusu macho, kwa nini alitazama kushoto, kwa nini alinionyesha ukuta wa jirani. Munganga akaweka kalamu chini. Akasema ubongo ukiumia upande wa kushoto, macho yanavutwa kushoto yenyewe. Hakuwa ananionyesha kitu.

Nilimwuliza ingekuwaje kama ningekuja saa tatu. Alijibu kwa upole, na ule upole ndio ulioniumiza. Alisema hawezi kuniahidi, kuna dawa na vifaa ambavyo hata wao hawavipati kila siku, lakini saa za mwanzo ndizo za kujaribu mengi, na baadaye kunabaki machache. Halafu akauliza kama alikuwa anakunywa vidonge vya tansio. Nikasema ndiyo. Nilimdanganya mtu aliyekuwa anajaribu kumwokoa bwana wangu.

Tulirudi nyumbani baada ya majuma. Upande wa kuume haufanyi kazi, na maneno yamekwenda. Yote? Hapana, hapo ndipo penye maudhi. Alfajiri anasoma Fatiha tangu mwanzo mpaka mwisho bila kukwama, na sura fupi zote alizofunzwa akiwa mtoto, kwa sauti yake ile ile ya zamani. Nikiwa jikoni ninaisikia, ninasahau, ninakimbia na kumwuliza, "Muzee, unataka chai ao uji?" Ananitazama. Midomo inatafuta, inatafuta, hakuna. Munganga alisema maneno ya kukariri yana mahali pake kichwani na maneno ya kutafuta yana mahali pengine. Sawa. Lakini mimi sijaitwa kwa sauti ndani ya nyumba yangu tangu siku ile. Watoto wanapiga simu mtandao ukikubali. Kuja hawawezi, vita vimefanya ndege hazitui, na barabara kila mtu anajua zilivyo. Ninaongea peke yangu mchana kutwa, ninajigombeza, ninajijibu. Nimekuwa mpweke kiasi kwamba namshukuru mtu akipotea njia akagonga mlango wangu.

Na jirani? Tulipokuwa hospitalini, vijana walilipiga bati lake kwa mawe, lile lile bwana wangu aliloligongomea. Alikimbilia kwa dada yake kartie nyingine, akakaa huko zaidi ya mwezi. Aliporudi, mbabula yake aliihamishia upande wa pili wa nyumba. Maziwa yakawa hayanunuliwi. Glasi zilikaa juu ya meza yake, zimefunikwa na kitambaa safi, na watu wanapita wakiangalia mbele.

Basi nikasema nitalitengeneza, mdomo ulioharibu utatengeneza. Nikapita avenyi nzima, mlango kwa mlango, na ile bahasha yenye mchoro mkononi. Nilieleza ukuta wa mshipa, mafuta, kigozi, damu kuganda. Niliwachorea na mkaa juu ya mbao. Watu walinisikiliza kwa adabu, wakatikisa vichwa, wakasema pole sana mama, Mungu ni mkubwa. Mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini kama jirani amenitisha. Mwingine akasema wanganga wa hospitali karuho hawaioni, mashine zao hazikutengenezwa kwa ajili yake. Ooh, nilimtukana huyo! Lakini kesho yake nilikaa mlangoni nikaangalia, na hakuna hata mmoja aliyenunua maziwa. Neno moja la hasira walilimeza bila kutafuna, na maelezo ya mwezi mzima wakayatema. Nikaanza kwenda mwenyewe kununua, glasi mbili, mbele ya macho ya watu, nikazinywa pale pale nimesimama. Jirani alinipimia, akapokea, akasema, "Asanti, mama." Zamani alikuwa ananiita dada.

Siku ya Ijumaa, baada ya swala ya adhuhuri, nilimwacha bwana wangu amelala nikaenda kugonga kwake. Sikupeleka zawadi. Nilipeleka ile boksi ya vidonge, na vumbi lake. Alifungua mlango, akanitazama muda, akanipisha.

Nilikaa kwenye kiti cha wageni maana ndicho alichonionyesha. Nikaiweka boksi mezani. Nikamwambia hakuna aliyemwekea bwana wangu kitu kwenye maziwa. Aliyemlisha chumvi na mafuta miaka yote ni mimi, na aliyemwachisha dawa ni mimi, na aliyempeleka Kibati saa zinapita ni mimi. Nikamwambia nilijua habari ya vidonge hata siku ile, mahali fulani rohoni nilijua, na pengine ndiyo sababu nilipiga kelele kubwa hivyo. Nikamwambia nimekosa, anisamehe, na kama hawezi aniambie, nitaelewa.

Nje watoto walikuwa wanapita na bido za maji, wanagombana. Mwishowe akasema, "Nimekusamehe, mama. Nilikusamehe kule kule kwa dada yangu. Ningefanya je, nikae nayo moyoni?" Akauliza hali ya muzee. Akauliza kama anakula vizuri. Nilianza kupumua. Nikajiona tayari tuko jikoni kwangu, ananisema kuhusu chumvi.

Akainuka, akaleta thermosi na kikombe kimoja, akamimina chai. Nikanyosha mkono.

Hapa kwetu mgeni anaonjewa. Mtu usiyemjua, ao wakwe wanaokuja mara ya kwanza, unapiga funda moja mbele ya macho yao kabla ya kuwapa, wakione kinywaji ni salama. Mwenzako humwonjei. Miaka kumi na minane, vikombe sijui elfu ngapi, huyu mwanamke hakuwahi kunionjea, wala mimi yeye.

Alikipitisha kikombe mbele ya mkono wangu, akakipeleka mdomoni kwake, akanywa funda moja taratibu, akameza, akangoja. Halafu akapangusa ukingo kwa ncha ya kitenge chake, akanipa kwa mikono miwili, kwa heshima yote.

"Nimeonja," akasema. "Ukifika kwako kichwa kikikuuma, watu wasirudi tena juu ya bati langu."

Hakulisema kwa ubaya. Nikanywa. Alikuwa ametia sukari vijiko vitatu, kama ninavyopenda mimi, hakuwa amesahau. Nililia pale kwenye kiti cha wageni, na hakuniuliza kwa nini.